Jiwe Lisilotaka Jua

Kabla hujagusa bisibisi, nusa. Usicheke. Chukua hicho kispika au hiyo redio ndogo ya memori, ilete puani kama unavyonusa maziwa ya jana. Ikinuka vumbi, jasho la mwenyewe na samaki kavu, haina neno, endelea. Ikitoa harufu tamu, utamu wa uongo, kama rangi ya kucha iliyokaa pamoja na ndizi iliyooza, iweke chini polepole, fukuza watoto, vuta ndoo ya mchanga karibu. Jiwe la ndani, yaani betri, linavuja. Pua yangu ilijifunza hilo nikiwa tayari nina wajukuu, na kosa lilikuwa langu, na mali iliyokaribia kupotea ilikuwa ya mtu mwingine. Ndiyo maana nawaandikia, nyinyi mnaokaa kwenye meza za ufundi leo, meza moja na simu ishirini juu yake.

Mimi ni Zainabu, lakini huku Uganda, toka Arua mpaka Koboko, ukiuliza Zainabu watakuuliza yupi. Uliza Haboba wa redio. Haboba kwetu sisi Wanubi ni bibi, na hata wasio Wanubi waliniita hivyo mpaka jina likaganda. Shule niliishia darasa la tatu. Hata hivyo nimefungua redio nyingi kuliko vitabu mlivyofungua nyinyi wote mkiwekwa pamoja, na hilo naliandika bila haya.

Kazi nilifundishwa Koboko na Mzee Rajabu, aliyekuwa fundi wa redio za jeshi kabla hajawa fundi wa redio za watu. Nilikuwa msichana wa kumpelekea chai. Siku moja skrubu ilimwangukia ndani ya redio, vidole vyake vinene vikashindwa, mimi nikaitoa. Akanitazama. "Wewe iko na vidole ya panya," alisema. "Kesho hapana leta chai tu. Kaa." Nikakaa. Sikuinuka kwa miaka mingi.

Sheria yake ya kwanza: hapana fungua kitu kabla ya kujua utaifunga namna gani. Kwa kuwa sikuweza kuandika haraka, alinifundisha kuchomeka kila skrubu kwenye bonge la enya lililopoa, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mpangilio uleule wa kwenye redio. Ya juu kushoto, juu kushoto. Ya katikati, katikati. Njia nzuri sana, mpaka nilipohamia Arua nikafungua meza yangu kwenye baraza ya soko, na kuku wa jirani akapita. Alikula enya na skrubu tatu. Nikamfukuza mpaka kwa wauza nyanya, nikamnunua, nikamchinja, nikapata mbili. Ya tatu sijui ilikwenda wapi. Toka siku hiyo natumia kipande cha sabuni. Kuku hali sabuni.

Sasa niwaeleze habari ya mawe, maana humo ndimo nilimoanguka.

Betri za redio sisi tuliziita mawe, na bado tunaziita. Ndugu zetu wa upande wa Kongo wanasema majiwe. Redio ikianza kuongea kama mlevi, unasema mawe yamechoka. Na jiwe la zamani lilikuwa na dawa yake, kila mama aliijua: litoe, lianike juani mchana mzima, jioni utapata tena habari na muziki kidogo. Wengine waliliuma kwa meno. Wengine walilibonyeza kwa mlango. Wengine walifunga manane kwa mpira wa baiskeli, yakaning'inia nje ya redio kama mkia. Lilipokufa kabisa, watoto walilipasua wakachukua ule mkaa wa ndani wa kuchorea ukutani. Jiwe lilikuwa mtu wa nyumbani. Halikumdhuru mtu, labda kumchafua tu.

Kwa hiyo kwa miaka yote watu walipopita barazani kwangu na kupiga kelele, "Haboba, redio yangu inazimika!" mimi bila hata kuinua kichwa nilijibu, "Jiwe imechoka. Weka kwa jua." Nilisema hivyo kama watu wanavyosema amina.

Mama Kiden alipita siku ya soko. Ni mwanamke aliyekuja kutoka Sudani Kusini na sasa anakaa Koboko, anauza samaki kavu, na kanisani kwao yeye ndiye mtunga nyimbo. Namwita mtunga kwa sababu hakuimba za watu. Alizitoa kichwani, nyingi akitembea njiani na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kuandika hajui. Kwa hiyo alikuwa na redio ndogo ya memori, ukubwa wa kipande cha sabuni, ya kurekodi na kupiga, na kila wimbo uliozaliwa aliuimbia humo. Baadaye akapata uvimbe wa koo. Hospitali walimpasua, akapona, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Nyimbo kumi na tisa zilikuwa humo ndani, kwa sauti yake ya zamani, na kumi kati ya hizo hakuwa amemfundisha mtu yeyote bado. Na kichwani, aliniambia, zilikuwa zimeanza kufutika, maana wimbo usioimbwa hukimbia.

Haya yote aliniambia baadaye. Siku ile alisema kwa mnong'ono wake, "Haboba, inazimika haraka," na mimi nilikuwa na kispika cha baa kifudifudi mezani, wenye baa wamesimama, na nikajibu nilivyozoea.

"Jiwe imechoka, mama. Weka kwa jua."

Sikuifungua. Hata sikuishika. Kumbukeni hilo: sikuishika.

Alirudi wiki iliyofuata. Aliibeba ndani ya kanga, mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Haboba, nilifanya vile ulisema," alinong'ona. "Jua ya siku tatu. Juu ya mabati. Sasa angalia. Iko na mimba."

Kweli ilikuwa na mimba. Kifuniko kilikuwa kimeachama upande mmoja, na ndani kitu cha rangi ya fedha kilikuwa kimevimba kama tumbo la chura. Na ile harufu tamu.

Kutoka ng'ambo ya njia, Adriko akaita. Adriko ni kijana wa simu, aliyejiita Injinia, na kwa miaka mitatu tulikuwa tunarushiana maneno kama jiko na sufuria.

"Haboba! Hiyo hapana jiwe. Hiyo ni bomu ya kanisa!"

"Funga mdomo, Injinia. Mimi nilifungua redio ya baba yako wewe hujazaliwa."

"Na baba anasema ilirudi bila skrubu moja!"

"Hiyo ilikuwa kwa kuku!"

Wauza nyanya wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo tu. Nilikuwa nimeona tayari. Hili halikuwa jiwe la mkaa na unga mweusi. Kitu hiki nilikuwa nimekiona ndani ya simu, nikakiita jiwe kwa sababu sikuwa na jina lingine. Neno moja, vitu viwili, na mimi nilitoa dawa ya kimoja nikampa mwenye kingine.

Nilijifanya jasiri. "Mama Kiden, kaa hapa. Nitatoa hii, nitaweka mpya, nitatia risasi kwa waya, basi."

Aliirudisha kifuani haraka sana. "Risasi? Mimi nilikimbia risasi toka kwetu mpaka hapa, na wewe unataka kutia risasi kwa nyimbo yangu?"

Soko zima la upande wetu lilianguka kwa kicheko. Nikamwonyesha risasi ya fundi, ule uzi laini wa kijivu unaoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto. Aliupinda kwa vidole, akautazama, akatabasamu kidogo. "Hii ni mtoto ya risasi," akasema. Kisha tabasamu likaondoka, na akauliza lile swali.

"Haboba. Nyimbo yangu iko wapi? Iko ndani ya hii jiwe?"

Wajukuu zangu, sikujua.

Kaseti niliijua. Sauti imelala kwenye utepe wa kahawia, unauona kwa macho, ukikatika unaunganisha kwa gundi. Santuri niliijua, sauti iko kwenye mfereji. Lakini hizi ndogo hazina kinachozunguka. Nilizitengeneza kwa kubadili waya, tundu la chaji, kispika kilichopasuka, na sikuwahi kujiuliza sauti hulala wapi. Nikawaza: labda inashikwa na moto wa jiwe, yaani umeme wake, kama maji yanavyoshikwa na mtungi. Nikikata waya, labda nyimbo kumi na tisa zinamwagika hapa barazani, na hakuna wa kuzichota.

Mama Kiden alikuwa ananitazama. Nilikuwa na njia mbili. Kumwambia, "Usiogope, mimi Haboba," na kukata. Au kuvuka njia.

Njia ile upana wake ni hatua saba. Nikazipiga zote saba, na sijawahi kwenda mbali hivyo.

"Adriko," nikasema, na sikumwita Injinia. "Sauti ya hii kitu inakaa wapi? Nikitoa jiwe, inapotea?"

Nilingoja kicheko. Hakucheka. Aliweka simu aliyoshika, akafuta mikono, akasema, "Hapana, Haboba. Sauti iko kwa kipande kidogo nyeusi, juu ya kibao. Inakaa bila moto."

"Bila moto siku ngapi?"

"Siku? Haboba, miaka."

"Bila jiwe yoyote?"

"Bila jiwe yoyote. Lete, nitafungua mimi."

"Hapana. Kosa ni yangu, mkono ni yangu. Wewe njoo simama kwangu, nikikosea unipige kofi."

Akaja kusimama kwenye baraza yangu. Na kweli karibu anipige kofi, maana kitu cha kwanza nilichochukua kilikuwa kisu.

"Hapana kisu! Ukitoboa hiyo, inawaka."

Hapa sikilizeni vizuri, hili ndilo la kushika. Jiwe lililovimba usilitoboe, usilibonyeze, usilitie kwenye chaji ati ujaribu mara ya mwisho, usilipashe joto ili gundi ilegee. Kwanza zima chombo. Skrubu zote kwenye sabuni. Fungua kifuniko kwa kitu cha plastiki, mimi nilitumia kadi ya simu ya zamani. Gundi iliyoshika jiwe Adriko alitaka kuimwagia spiriti, lakini mimi nilienda kwa wasusi wa pembeni nikaomba uzi wa nailoni wa kusukia nywele. Nikaupitisha chini ya jiwe, nikauvuta huku na huku, taratibu, kama unavyokata sabuni kwa uzi. Jiwe likaachia lenyewe. Adriko akasema, "Hii sikujua." Nikasema, "Andika."

Na waya: nyekundu peke yake, nyeusi peke yake. Usikate zote mbili kwa koleo mara moja, chuma cha koleo kitaziunganisha na utaona cheche ambazo hukuziomba. Kata moja, funga ncha yake kwa tepu. Kata ya pili, funga. Nilikata nyekundu. Kisha nikamtazama Mama Kiden.

Alifumba macho. "Kata," alinong'ona.

Nikakata nyeusi. Jiwe nililishika kwa kipande cha mbao, nikalizika kwenye ndoo ya mchanga, nikapeleka ndoo mbali na watu. Msilitupe kwenye taka za soko zinazochomwa kila Jumamosi. Mtaua mtu.

Adriko alikwenda kutafuta jiwe la kufaa, lenye kipimo kilekile na unene usiosukuma kifuniko, na ilimchukua muda. Muda wote huo kile chombo kililala wazi mezani kwangu, kimekufa kabisa, hakina jiwe, hakina waya. Nikachukua kioo changu cha kukuzia nikakiinamia.

Nimeona vitu. Nimeona nyumba ikiungua, nimeona mapacha wakizaliwa mikononi mwangu. Lakini sikuwahi kutazama vile. Kibao kile kilikuwa kama mji wa Arua ukiutazama toka juu ya kilima: njia nyembamba za dhahabu, paa ndogondogo, viwanja, kila njia inajua inakokwenda. Na katikati, kipande cheusi, hakizidi ukucha wa kidole changu kidogo. Hakilii. Hakina joto. Na ndani yake mwanamke anatembea na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anaimba, na hachoki, na haombi moto. Mzee Rajabu alikuwa akiniambia redio inashika sauti inayopita. Hii haikushika inayopita. Hii ilitunza iliyokwisha kupita. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti, na Mama Kiden, mtu wa kanisa, akasema "Amina," na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Adriko akarudi. Tukapima kwa mita, ikasoma volti tatu na pointi nane. Nikatia risasi, nukta mbili, haraka, chuma kisikae juu ya waya zaidi ya pumzi moja, maana joto si rafiki wa jiwe hili. Nyekundu kwa nyekundu. Nikangoja kabla ya kufunga, maana fundi anayefunga kabla ya kujaribu atafungua mara mbili. Nikabonyeza.

Kimya. Kisha taa ndogo ikawaka, na sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti pana, nzito kidogo, ya mwanamke mwenye kifua. Sikuelewa lugha yake. Nilielewa pumzi: unasikia anavuta hewa, unasikia mguu wake ukikanyaga changarawe, na mtoto akikohoa nyuma. Nikamtazama mwenye sauti, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, midomo yake inafuata kila neno na hakuna kinachotoka. Muuza nyanya aliyekuwa akibishana aliacha. Adriko alitazama viatu vyake.

Wimbo ulipokwisha nilisema, "Mama Kiden, mimi nilikosa. Nilisema weka kwa jua na sikuangalia."

"Ulikosa," alinong'ona. Hakunibembeleza, na nilimpenda kwa hilo. Alifunga chombo chake ndani ya kanga. Kisha akasema, "Haboba. Uliambia watu ngapi ingine?"

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumatatu niliacha meza, nikapanda gari la Koboko, na toka Koboko nikaenda hadi Ludara, na wiki nyingine Adumi, na Pajulu kwa miguu, kila mahali nilipokuwa na wateja. Nilisimama sokoni nikasema: yale mawe ya zamani, ya mviringo, anikeni mkitaka. Lakini haya mapya, ya bapa, yaliyofungwa ndani, yasione jua. Yakivimba, leteni.

Mnadhani walinishukuru? Mama mmoja wa Ludara alisimama mikono kiunoni. "Wewe ulisema jua. Sasa unasema hapana jua. Kesho utasema nini, Haboba, weka kwa mwezi?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Jina langu nililojenga miaka yote lilikuwa linachekwa kwenye vumbi, na wengi, niliona, hawakuniamini. Bibi amezeeka. Nilirudi Arua na miguu imevimba kama lile jiwe.

Nilimwambia Mama Kiden alipopita na samaki. Aliuliza tu neno "bapa" kwa Kikakwa, lugha ya wenyeji wa Koboko, ni nini, nikamwambia, akaondoka.

Ilipita miezi. Macho yangu yakaanza kuona skrubu moja kama mbili, nikajua meza inaniaga. Kati ya kazi zangu za mwisho alikuja msichana wa Ludara ambaye sikuwahi kumwona, na redio ndogo ya memori. Nikainusa. Tamu kidogo, mwanzo wa tamu.

"Uliiweka kwa jua?"

"Hapana, bibi!" alisema, kama nimemtukana. "Nilileta mara moja. Si ndiyo wimbo inasema?"

Wimbo gani? Sikuuliza. Nilifanya kazi: sabuni, kadi, uzi wa nywele, nyekundu peke yake, nyeusi peke yake. Chombo kikalala kimekufa mbele yangu, na ile nukta nyeusi katikati ya mji wake. Nikatia jiwe jipya. Nikabonyeza kujaribu.

Kwaya ya wanawake ikalipuka barazani, ngoma na vigelegele, Kikakwa kikichanganyika na Kiswahili chetu. Mwanzoni kabisa, kabla ya ngoma, kulikuwa na mnong'ono wa mtu mmoja akiwapa waimbaji mstari wa kwanza, na mnong'ono ule niliujua. Kisha wote wakaimba kwamba Haboba alisema weka kwa jua, eh, Haboba alikosa. Haboba alivuka njia akauliza mtoto, eh, Haboba alijua. Jiwe bapa haitaki jua, peleka kwa fundi.

Msichana alikuwa anacheza kwa mabega, hajui aliyekaa mbele yake ndiye anayeimbwa.

"Unajua Haboba mwenyewe?" nikamwuliza.

"Aa, huyo ni wa wimbo tu," akasema.

Nikafunga skrubu zake zote nne, nikazihesabu mara mbili, nikampa. Alikwenda nayo njiani ikiimba. Mimi nilibaki nimekaa, mikono mitupu juu ya meza. Siku moja mawe yote niliyowahi kutia yatakufa, na hata mimi mwenyewe. Na mahali fulani Ludara, ndani ya kitu kisichozidi ukucha, bila moto, nitakuwa bado nimekosa, na bado navuka ile njia.